Mshindi wa Tuzo ya Kutolalamika

Nchi ya Sifani haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asihangaike kuitafuta, na hasa asiitafute kwa kuchungulia dirishani kwake. Ni nchi tulivu. Ina rais mmoja, ambaye amekuwapo tangu zamani, ina mawaziri sitini na wawili, na ina wizara ambayo nchi nyingine bado hazijaendelea kiasi cha kuwa nayo: Wizara ya Kuridhika.

Wizara hiyo ndiyo iliyoanzisha Tuzo ya Taifa ya Kutolalamika. Masharti yake ni mepesi. Mwananchi akae miaka kumi mfululizo bila kulalamika juu ya jambo lolote, mbele ya mtu yeyote, na balozi wa mtaa athibitishe hivyo kila mwezi kwa mhuri. Atakayefuzu hupewa cheti, fulana, na safari ya siku moja, pamoja na mwongozaji, kutembelea majumba ya kihistoria na Pwani ya Mandhari ya Taifa.

Mwaka huo, katika watu milioni tisa, walifuzu kumi na mmoja. Magazeti yote mawili ya nchi yaliandika kwamba hiyo ni dalili nzuri.

Mmoja wa hao kumi na mmoja alikuwa Bi Mwanakombo Faki, fundi cherehani wa mji mkuu, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwembamba, mwenye kidole gumba kilichochomwa na sindano mara nyingi hata hakisikii tena. Huyu hakuitaka fulana, wala cheti. Alichokitaka ni pwani.

Alizaliwa Mtondooni, kijiji kilichokuwa kando ya bahari hiyohiyo. Miaka kumi na mmoja nyuma lilikuja gari la serikali lenye kipaza sauti, likawatangazia kwamba bahari yao imepandishwa cheo. Tangu siku ile ilikuwa Mandhari ya Taifa.

"Sasa mandhari ni kitu cha kutazamwa," afisa aliwaeleza, bila ukali wowote, "na hayawezi kutazamika vizuri kama nyinyi mmesimama ndani yake."

Wakapewa saa tatu za kuhama. Bi Mwanakombo alijitwika kichwa cha cherehani, akaondoka. Aliyemwacha nyuma ni mama yake, kwa kuwa mama yake alikuwa amezikwa miezi saba kabla, nyuma ya msikiti.

Aliomba kibali cha kwenda kuzuru kaburi mara tisa. Kwenye fomu palikuwa na mstari wa "sababu ya safari", naye kila mara aliandika ukweli. Karani, kijana mwenye adabu zake, alimrudishia kila mara.

"Shikamoo mama. Tatizo ni hili neno kaburi. Kaburi linaleta huzuni, na huzuni inaashiria kwamba kuna jambo halikwenda vizuri. Hebu andika kitu cha furaha."

"Marahaba, mwanangu. Sasa kaburi la mama yangu nitaliandikaje kwa furaha?"

"Ndiyo maana nakurudishia."

Mara ya tisa, akitoka ofisini, aliona tangazo la tuzo limebandikwa ukutani. Akalisoma mara mbili. Usiku ule alikaa kitandani akahesabu kwa vidole, na alipofika kumi akafunga mdomo.

Usidhani ni kazi ndogo. Maji yalikatika mtaani miezi minne, wenzake wakapiga kelele, yeye akabeba ndoo. Askari wa jiji walichukua cherehani yake barazani wakaja kuirudisha haina gurudumu, akawaambia, "Asanteni kwa kunipunguzia uzito." Balozi akagonga mhuri. Watu wakaanza kunyamaza akipita, wakidhani ni mtu wa serikali. Mdogo wake wa tumbo moja, Raya, alimwita kibaraka mbele ya wanawake wote kwenye arusi, na tangu hapo hakukanyaga tena kwake. Bi Mwanakombo hakuweza kumweleza, kwa sababu maelezo yenyewe yangekuwa lalamiko.

Basi miaka ikaisha, siku ikafika.

*

Walikusanyika asubuhi uwanjani mwa wizara, wamevaa fulana zilizoandikwa kifuani NIMERIDHIKA. Zote zilikuwa za kipimo kimoja, kipimo cha waziri. Bi Mwanakombo aliivaa juu ya dera lake ikamfika magotini, akaonekana kama mto uliovishwa foronya ya godoro.

Msimamizi wa safari alikuwa Bwana Tamimu, Afisa Mkuu wa Kuridhika, mtu mrefu mwenye miwani na mkoba wa ngozi. Alisimama kwenye ngazi ya basi akawahutubia.

"Washindi watukufu! Leo taifa linawatazama kwa jicho la mahaba. Lakini niwakumbushe, tuzo yenu inakamilika saa kumi na mbili jioni, mtakaporudi hapa. Mpaka wakati huo bado mnashindana. Atakayelalamika njiani atashushwa palepale, na miaka yake kumi itafutwa."

Bibi mmoja akanyoosha mkono. "Na kuuliza je?"

"Kuuliza ruhusa. Swali lolote likiishia na neno asante, wizara hulihesabu kuwa ni swali. Lisipoishia na asante, ni lalamiko."

Kiti cha pembeni ya Bi Mwanakombo alikaa Mzee Ngwali, mstaafu wa posta, ambaye balozi wake aliandika kwamba ni kiziwi kabisa. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kusikia hotuba hata moja, kwa hiyo hakupata nafasi ya kuipinga. Alimwinamia Bi Mwanakombo kwa heshima, akafungua dirisha, dirisha likamdondokea mapajani. Akalipakata kama mtoto, basi likaondoka.

*

Jumba la kwanza lilikuwa Jumba la Milango Mia, lililojengwa na wafalme wa kale. Mwongozaji, Bi Doti, mwanamke mwenye sauti tamu na kibendera mkononi, aliwazungusha nje.

"Mlango huu wa kwanza ni wa mninga, umenakshiwa maua. Ndani yake kuna ukumbi wa ajabu sana. Mlango wa pili, nao wa mninga. Ndani yake kuna ukumbi wa ajabu zaidi."

Walipofika mlango wa arobaini na moja, jua limeshapanda, bibi yule wa maswali akasema kwa unyenyekevu, "Mwanangu, hivi tutaingia ndani, asante?"

"Hatutaingia, bibi. Funguo wanazo waheshimiwa mawaziri. Kila mmoja kapewa mlango wake kama ishara ya uzalendo. Sitini na mbili zimegawiwa, na thelathini na nane zinawasubiri watakaoteuliwa."

Wakamaliza milango yote mia. Bi Mwanakombo alihesabu hatua zake, akifikiria kwamba kila mlango unamsogeza karibu na bahari.

Jumba la pili lilikuwa la magavana wa kikoloni. Hapo waliruhusiwa kufika mpaka kwenye baraza.

"Historia ya hapa inaliza," alisema Bi Doti, akashusha sauti. "Kwenye uwanja huu gavana aliwasimamisha wananchi juani tangu asubuhi mpaka jioni, wakimsubiri awasikilize shida zao. Naye alikuwa amelala ndani."

Washindi wakatikisa vichwa kwa uchungu. Uwanjani palepale palikuwa na watu wapatao mia mbili wamesimama kwenye mstari, wameshika bahasha.

"Na wale pale ni kina nani, asante?" aliuliza Bi Mwanakombo.

"Wale wanamsubiri Mheshimiwa Waziri wa Ardhi. Ofisi yake imo humu."

"Yuko ndani, asante?"

"Amepumzika. Lakini tofauti ni kubwa, bibi. Hawa wamewekewa kivuli."

Kivuli kilikuwapo kweli. Kilikuwa cha bendera, na kilipohama watu wote mia mbili walijaribu kuhama nacho.

Jumba la tatu ndilo alilozaliwa Rais. Rais wa Sifani alikuwa na miaka sabini na tisa, na jumba lilikamilika mwezi Machi mwaka huo. Rangi ilikuwa bado mbichi, na Bi Doti aliwaonya wasiegemee chumba cha uzazi.

"Ni fumbo kubwa la sayansi," akasema. Hakuna aliyeuliza, hata kwa asante.

*

Chakula cha mchana walikula ndani ya basi. Kila mshindi alipewa boksi lenye nembo ya taifa, na ndani ya boksi mlikuwa na yai moja la kuchemsha na kijitabu kuhusu ukweli kwamba shibe ni hali ya moyo. Bwana Tamimu alikuwa na hotipoti yake mwenyewe, akala akiwa amewapa mgongo, kwa sababu za kikazi.

Barabara ya pwani haikuwa na mti hata mmoja. Madirisha yasiyodondoka hayakufunguka. Kiti cha mbele alikaa Bwana Gharibu, muuza mkaa mnene, mcheshi, aliyeimba njia nzima kuwatia wenzake moyo. Katikati ya wimbo alijifuta jasho, akapumua, akasema, "Jamani, joto."

Basi likafunga breki.

"Umesemaje?" Bwana Tamimu aliuliza.

"Nimesema joto, bwana mkubwa. Si lalamiko. Ni hali ya hewa tu."

"Hali ya hewa ni wizara."

Wakamshusha. Walimvua na fulana, kwa kuwa ilikuwa mali ya walioridhika. Bi Mwanakombo aligeuka akamwona kupitia kioo cha nyuma, amesimama kifua wazi katikati ya nyika na kijitabu chake mkononi, anapungua, anapungua, mpaka akawa kitone. Miaka kumi ya yule mtu imekwenda kwa neno moja. Akauma ulimi wake, akauma kweli, akahisi chumvi ya damu.

Mzee Ngwali alikuwa akitazama mbele, lakini alikuwa amelikumbatia lile dirisha kwa nguvu.

*

Bahari waliisikia kabla ya kuiona, maana ilizungushiwa ukuta. Ulikuwa ukuta mrefu, mweupe, nao ulikuwa umechorwa picha ya bahari. Washindi walipewa dakika kumi za kuitazama picha, halafu lango likafunguliwa.

Bi Mwanakombo aliingia wa mwisho. Mtondooni haikuwapo tena. Mahali pa nyumba palikuwa na majani yaliyokatwa sawasawa kama zulia, kisha nyumba ya mapumziko ya Rais, meza nyeupe zimepangwa kwa ajili ya chai ya mabalozi wa nchi za nje, na mbele yake bahari ileile, ya buluu, haina mtu. Msikiti ulikuwa stoo ya viti. Alizungusha macho nyuma ya ule msikiti. Makaburi yalikuwa yamesawazishwa yote, isipokuwa moja, lililozungushiwa kamba nyekundu na kusimikiwa kibao.

Kwao makaburi hujengwa kwa mawe ya matumbawe, na kichwani hupachikwa bakuli la kaure. Lile bakuli alilipachika kwa mikono yake. Lilikuwa na maua ya buluu, na ukingo umemeguka mahali alipolidondosha yeye mwenyewe akiwa na miaka sita, akapigwa kofi, kisha akapewa halua anyamaze.

"Hapa ndipo kilele cha safari yetu," alisema Bi Doti. "Hili ni Beseni la Malkia. Malkia wa kale alikuwa akitoka kuogelea, anakaa juu ya jiwe hili, ananawa miguu kwenye bakuli hili. Wataalamu wanakadiria miaka mia nane."

"Sasa picha!" Bwana Tamimu alipiga makofi. "Mshindi mmojammoja apande, aweke mguu mmoja juu ya jiwe, atabasamu. Tuanze na Bi Mwanakombo. Panda, bibi."

Hakupanda.

"Bibi, panda. Kanyaga kidogo tu."

"Huyo si malkia," alisema Bi Mwanakombo. Sauti ilimtoka kavu, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. "Ni mama yangu. Anaitwa Mize binti Shaame. Alikuwa anauza vitumbua."

Bwana Tamimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakuwa mtu mbaya, na saa kumi na mbili haikuwa mbali.

"Bi Mwanakombo," alisema taratibu, karibu ambembeleze, "labda umesahau kumalizia. Sema asante tu, tuendelee. Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Hilo ni swali, au ni lalamiko?"

Alimtazama, akatazama mguu wa kamera, akatazama bakuli. Alikuwa amelifikia kaburi. Hapakuwa tena na pwani nyingine ya kunyamazia.

"Ni lalamiko," akasema. "Andika."

*

Bwana Tamimu alitoa mkobani Fomu ya Lalamiko, ambayo tangu ichapishwe haikuwahi kujazwa na mtu yeyote, ikambidi asome kwanza maelekezo. Akasoma, akabadilika rangi, akasoma tena. Sheria ilikuwa imeandikwa na watu walioamini haitatumika kamwe. Ilisema afisa ataandika lalamiko lote, neno kwa neno, mpaka mlalamikaji atamke "nimemaliza". Afisa atakayeondoka kabla ya neno hilo atahesabiwa kwamba naye amelalamika.

Bi Mwanakombo aliinua kamba nyekundu, akakaa chini kando ya mama yake, akakunja miguu.

"Uko tayari? Siku ya kwanza. Ilikuwa Jumanne. Mlitupa saa tatu, na saa moja katika hizo tatu mlihutubia."

Akaendelea. Alikuwa nayo yote, kwa tarehe, kwa majina, kwa mpangilio, kama mtu aliyekunja nguo sandukuni moja juu ya moja. Maji. Gurudumu la cherehani. Karani na fomu zake. Jirani aliyezimia kwenye foleni ya unga, na foleni ikamruka. Mdogo wake, na lile neno la arusini. Dereva alizima injini akaja kusikiliza. Bi Doti alikunja kibendera chake akakaa juu ya majani. Bwana Tamimu aliandika, akageuza karatasi, akaandika nyuma, kisha akaomba vijitabu vya shibe ili aandike pembezoni.

Alipofika mwezi wa nne wa mwaka wa tatu, Bi Mwanakombo alisita.

"Nani alikuwa waziri wa maji wakati ule?"

"Makungu," alisema Mzee Ngwali. "Yule aliyesema kiu ni uvivu."

Wote wakamgeukia.

"Nasikia vizuri tu," alisema mzee, uso umemwiva kwa aibu. "Hotuba zilizidi. Nikaona bora niwe kiziwi. Sogea kidogo, mama, na mimi nikae."

*

Saa kumi na moja wakafika mabalozi wa nchi rafiki kwa ajili ya chai, wakiongozwa na Waziri wa Utalii. Wakakuta watu kumi wa fulana pana wamezunguka kaburi, mwanamke anasema, afisa anaandika amepiga magoti, na wapishi wa Rais wamesimama nyuma na masinia, wanafuta machozi.

"Hii ni nini?" aliuliza balozi mmoja kwa lugha yake.

Waziri naye hakujua. Lakini hakufika alipofika kwa kukosa la kusema.

"Hii, Mheshimiwa, ni mila. Simulizi ya kale ya wanawake wa pwani. Wanasifu mababu."

"Inachukua muda gani?"

Waziri alimtazama Bwana Tamimu. Bwana Tamimu alionyesha fomu.

"Haina mwisho," alisema waziri, na kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe alikuwa amesema kweli.

Mabalozi walipiga makofi mpaka viganja vikawauma. Mmoja aliahidi palepale kwamba nchi yake itaitunza mila hiyo ili isipotee. Waziri hakuweza tena kumwondoa yule mwanamke. Alimwita Bi Mwanakombo pembeni.

"Mama yangu, unataka nini?"

"Kamba itoke. Kibao kile kitoke. Mtu asikanyage. Na kile chumba cha stoo mtoe viti, msikiti uswaliwe."

"Na utaendelea kusema maneno hayohayo?"

"Hayohayo? Mheshimiwa, mimi ndiyo kwanza niko mwaka wa tatu."

Akaajiriwa. Kwenye vitabu vya wizara aliandikwa kuwa ni Kivutio Namba Saba. Wageni wa nje waliletwa kwa mabasi, wakapiga picha, wakasifu jinsi lugha ile inavyoimbika. Kisha wakaanza kuja wananchi, ambao lugha waliielewa. Walijaza fomu za vibali, na kwenye sababu ya safari waliandika "furaha". Wizara ikatangaza kwamba utalii wa ndani umeongezeka kuliko wakati wowote, ikajipa nishani.

Raya alikuja siku ya tisa. Hakuomba radhi, wala Bi Mwanakombo hakumdai. Alikuwa amebeba ufagio wa chelewa. Akafagia majani juu ya kaburi la mama yao, akaosha bakuli, akakaa.

Bwana Tamimu alibaki. Angefanyaje? Neno "nimemaliza" lilikuwa halijatamkwa. Alijengewa kibanda, akaletewa meza, na kila asubuhi alichonga penseli zake. Alikuwa amefika daftari la kumi na nne, asubuhi moja yenye watu wengi, aliposimamisha mkono katikati ya mstari. Bi Mwanakombo alikuwa akieleza kuhusu zahanati.

"Mbona huandiki?" akamuuliza.

Afisa alikuwa anaitazama penseli kana kwamba kapewa sasa hivi hajui ni ya nini.

"Mke wangu alijifungua sakafuni," alisema hatimaye. "Hospitali haikuwa na kitanda. Mtoto hakuishi. Mwezi ule ripoti ya wazazi wote nchini niliiandika mimi. Niliandika wameridhika."

Watu mia mbili walikuwa wamekaa kwenye majani, na mawimbi ya bahari yalisikika yakipasuka kwenye mawe. Bi Mwanakombo alinyoosha mkono juu ya meza, akachukua penseli, akalivuta daftari upande wake.

"Mwandiko wangu ni wa fundi nguo," akasema, "kwa hiyo sema polepole. Mlimpa jina?"